Akishuka Jukwaani, Nani Humpokea?

Mtu wa Pwani anapoingia Nairobi, hata kama ana jamaa zake katika mitaa mipya yenye lifti na walinzi getini, mwisho wake hujikuta yuko Pumwani. Pale atasikia adhana kwa sauti anayoizoea, ataitikiwa hodi yake kwa Kiswahili, na atawekewa mahamri na mbaazi kabla hajaulizwa ametoka wapi. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati serikali ya kikoloni ilipowakusanya Waafrika waliokuwa wametapakaa katika vijiji vya kando ya mji. Tangu siku hizo Waislamu wa kila kabila wamekaa hapo pamoja, wakazaliana, wakazikana.

Mimi nilifika Majengo mwezi uliopita kwa ajili ya tanzia. Tulipokwisha hitima, na watu wakabaki makundi makundi juu ya mikeka, mama mmoja wa nyumba ile alinijia na simu mkononi.

"Maalim," aliniambia, "nakuomba unitazamie jambo hili, kisha unipe neno. Mimi na babake tumeshindwa kuafikiana."

Nikatazama. Ndani ya simu ile alikuwamo binti yake wa miaka tisa, pamoja na wenzake saba, katika kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba. Wamevaa suruali ndefu na fulana za mikono mirefu, na vitambaa vya kichwa vimefungwa nyuma ya shingo. Kila mmoja ana duara kama pete kubwa, lililokatwa katika mpira wa maji na kuunganishwa kwa moto. Binti yule akalirusha duara lake juu, akabingirika mara moja chini, akainuka, akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wake, na duara likamfikia mkononi bila ya yeye kulitazama. Sauti ya mwanamke ambaye haonekani ilikuwa ikihesabu, moja hadi nane, na katikati ya hesabu ikasema: "Goti!"

Nikauliza mwenye sauti ni nani. Nikaambiwa ni msichana wa mtaani, umri wake yapata miaka ishirini na saba. Alikuwa mwanasarakasi, amecheza miaka mingi katika mahoteli, kisha goti likamharibikia, akarejea kwao. Hana cheti, hana ukumbi, hana mshahara. Watoto walimwona akijinyoosha peke yake asubuhi, wakamwiga, na darasa likazaliwa hivyo.

"Babake asemaje?" nikauliza.

"Asema mchezo huu hauna mwisho. Leo mtoto atacheza, kesho atakuwa mtu mzima, kisha nini? Aniambia, huyo mwalimu wake mwenyewe, tazama alivyoishia."

Maneno hayo ya mwisho nilirudi nayo Mombasa ndani ya basi, na ndiyo ninayotaka kuyajadili leo. Huyu bwana amesema jambo ambalo wengi wetu tunalisadiki bila ya kulichunguza, ya kwamba mchezaji aliyeshuka jukwaani akawa mwalimu, huyo ameishia. Je, ni kweli?

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Ule anaojifunza binti wa Pumwani kwa duara la mpira wa maji unaitwa jimnastiki ya mdundo. Huchezwa na wanawake juu ya zulia la mita 13 kwa 13, kwa muziki, na vifaa vyake ni duara, mpira, virungu viwili, utepe na kamba. Utepe una urefu wa mita 6 na hautakiwi kufunga fundo wala kulala chini ovyo. Mchezaji wa peke yake hupewa muda usiozidi dakika moja na nusu. Wakicheza kwa kundi huwa watano, na dakika zao ni mbili na kidogo. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Budapest mwaka 1963, na katika Olimpiki mchezo huu uliingia Los Angeles mwaka 1984.

Msomaji asidhani hili ni jambo geni lililoangushwa kwetu kutoka mbinguni. Bibi zetu wa Mombasa na Lamu walicheza lelemama, wakisimama safu moja, vijiti mikononi, na mkono mmoja ukikosea ilikuwa aibu ya chama kizima. Vyama vile vilikuwa na vyeo vyake, na mwenye cheo alikuwa yule aliyecheza ujanani, akafahamu, kisha akawaelekeza wadogo. Hakuna aliyemwambia mama mkuu wa lelemama kwamba ameishia. Kinyume chake, alikuwa ndiyo kwanza amefika.

Sasa tutazame umri wa mchezaji. Katika jimnastiki ya mdundo, msichana haruhusiwi kuingia mashindano ya wakubwa mpaka afikie mwaka wa kutimiza miaka 16, na wengi huwa wamekwisha kuacha kabla ya kufika 25. Mwili uliokunjwa na kunyooshwa tangu utotoni huchoka mapema. Ikiwa mtu ameanza akiwa na miaka sita na ameacha akiwa na ishirini na mbili, basi mbele yake zimebaki, kwa rehema za Mungu, siku nyingi kuliko zile alizocheza mara mbili au tatu. Hapo ndipo lilipo swali la babake yule mtoto, na ni swali la haki.

Jibu moja liko Kanada. Mwanamke wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huu ni Lori Fung wa Vancouver, aliyezaliwa mwaka 1963. Urusi ya Kisovieti na Bulgaria, zilizokuwa ndizo dola za mchezo huu, hazikwenda Los Angeles mwaka ule wa 1984 kwa sababu ya mgomo wa kisiasa. Lakini Romania ilikwenda, na Doina Stăiculescu wa Romania alikuwa mchezaji mkali. Hesabu ilipofungwa, Lori Fung alikuwa na pointi 57.950 na Stăiculescu 57.900. Tofauti ya wawili hao ilikuwa sehemu tano katika mia ya pointi moja, kidole kilichonyooka na kidole kilichojikunja.

Alikuwa na miaka 21. Alishindana tena miaka michache, na mwaka 1988 akaacha. Tangu hapo amekuwa mwalimu na mtungaji wa michezo ya wengine huko huko kwao Vancouver. Dhahabu yake alivishwa kwa siku moja ya mwezi wa Agosti, lakini kufundisha kumechukua miongo ya miaka. Ukimpima mtu huyu kwa siku ile moja, utamwona ameishia mwaka 1984. Ukimpima kwa mikono ya wasichana aliowanyosha, utaona kazi yake kubwa ilikuwa bado haijaanza.

Hata hivyo, mtu mmoja si hoja. Hoja iko Bulgaria, nchi ndogo ambayo kwa miaka mingi iliwashinda wakubwa katika mchezo huu. Ilikuwaje?

Hapa nitasema kwa lugha ya chuoni, kwa kuwa ndiko nilikolelewa. Sisi tuliosoma Kurani kwa mwalimu tunajua kwamba kuna elimu isiyopatikana kitabuni. Herufi ya dhadi hata ukaiandikia kurasa mia, mwanafunzi hataitamka mpaka autazame mdomo wa mwalimu wake, naye mwalimu autazame wake, ampige kidogo kwa ufito, aseme, "Rudia." Mwalimu huyo naye aliutazama mdomo wa mwalimu wake. Huo ndio unaoitwa sanadi, mnyororo wa kupokezana, na ukikatika pete moja, kilicho nyuma yake kinapotea hata kama vitabu vimejaa rafuni.

Elimu ya mwili ni hivyo hivyo. Bulgaria walikuwa na mwalimu aitwaye Zhulieta Shishmanova, aliyeiongoza timu yao katika miaka ambayo Maria Gigova alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, mwaka 1969, 1971 na 1973. Miongoni mwa wachezaji wa zama hizo alikuwamo Neshka Robeva. Robeva aliposhuka zuliani alikabidhiwa timu ya taifa mwaka 1974, akaishika hadi 1999, miaka ishirini na mitano. Shishmanova alifariki mwaka 1978 katika ajali ya ndege pamoja na baadhi ya wanafunzi wake, msiba mkubwa kwa nchi ile. Lakini aliyepokea alikuwa amekwisha kupokea. Katika mikono ya Robeva alipita Bianka Panova, ambaye katika mashindano ya dunia ya Varna mwaka 1987 alipewa kumi kamili kwa kila mchezo alioucheza, na Maria Petrova, bingwa wa dunia mwaka 1993, 1994 na 1995.

Na mnyororo haukukomea hapo. Miongoni mwa wasichana wa Robeva alikuwako Iliana Raeva. Naye aliposhuka akawa mwalimu, akafungua darasa, kisha akawa rais wa shirikisho la nchi yake. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, kundi la Bulgaria lilitwaa dhahabu ambayo Urusi ilikuwa imeishika mfululizo tangu mwaka 2000. Wasichana watano ndio walioonekana kwenye televisheni. Lakini mwenye macho ya chuoni aliona zaidi ya watano, aliwaona wanawake wa nusu karne wamesimama nyuma yao.

Basi tumjibu babake yule mtoto. Kule alikosema mtu huishia, wenzetu wanasema ndiko mchezo unakoanza kuwa mali ya watu. Bingwa asiyefundisha ni kisima kilichofunikwa.

Msomaji ataniambia, "Maalim, unatupeleka Bulgaria na Kanada. Sisi tuna nini?" Tunacho, ila hatukitazami.

Katikati ya miaka ya 1960, serikali ya Tanzania iliwapeleka vijana ishirini China kujifunza sarakasi. Walikaa miaka kadha wakikunjwa na kunyooshwa na walimu wa Kichina, wakarudi, na mwaka 1969 kikaundwa kikundi cha taifa cha sarakasi. Walicheza mbele ya marais na wageni. Lakini faida yao kubwa si ile waliyopigiwa makofi. Faida ni kwamba sarakasi ikaingia mitaani, ikashuka kutoka kwa mtu hadi mtu. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, sarakasi ilikuwa somo kama masomo mengine, na mpaka leo inasomeshwa pale. Vijana ishirini wameigeuza nchi kwa sababu walirudi na wakapokewa.

Hapa Nairobi nako, katika mtaa wa Ngara, lile jumba la zamani la sinema ya Shan liligeuzwa kuwa mahali pa mazoezi na maonyesho ya Sarakasi Trust, taasisi iliyoanza mwaka 2001. Vijana wengi wa mitaa ya mashariki ya mji wameruka kutoka humo hadi majukwaa ya Ulaya, Marekani na Uarabuni. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini tuulize. Wanaorudi hupokewa na nani? Mwenye goti bovu hupewa darasa gani?

Tumeshawahi kuona mnyororo ukikatika, tena kwa uchungu. Mwaka 1988 kijana wa Kenya, Robert Wangila, alitwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul, jambo ambalo hakuna Mkenya mwingine aliyelifanya katika ndondi kabla yake wala baada yake. Akaenda Marekani kupigania riziki, na mwaka 1994, baada ya pambano moja Las Vegas, akafariki akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Mungu amrehemu. Tunalikumbuka jina lake, na ni haki yake. Lakini yale aliyoyajua mwili wake, namna ya kusimama, namna ya kuvuta pumzi kabla ya konde, hayo alikwenda nayo kaburini. Hakupata umri wa kuwa mwalimu. Huyu wa Pumwani mwenye goti bovu ameupata umri huo, nasi twamwambia ameishia.

Hadi hapa nimesema upande mmoja, na mwenye insafu hasemi upande mmoja tu.

Mwalimu ni mnyororo, lakini mnyororo pia hufunga watu. Mchezo huu, kwa vile unapokea watoto wadogo na kuwapa watu wazima mamlaka juu ya miili yao, umeona mabaya mengi. Mwezi wa Juni 2022 huko Uingereza ilitolewa ripoti ya mwanasheria Anne Whyte juu ya jimnastiki ya nchi ile, iliyosimama juu ya shuhuda zaidi ya mia nne. Humo mnasimuliwa watoto waliopimwa uzito na kutahayarishwa mbele ya wenzao, walionyimwa chakula na maji, waliolazimishwa kucheza juu ya maumivu. Na baadhi ya waliowatenda hayo walikuwa walimu ambao wenyewe walitendwa vivyo hivyo walipokuwa watoto. Ubaya nao una sanadi yake, msomaji. Nao hupokezwa.

Kwa hiyo babake yule mtoto ana haki ya kuogopa, ila ameogopa pasipo. Asiogope kwamba mwalimu ameishia. Aogope kama hamjui mwalimu huyo ni nani.

La pili ni stara, na gazeti hili lasomwa na watu ambao jambo hilo ni la nyumbani kwao. Sheria za mchezo huu zinaruhusu nguo inayofunika mikono hadi viganjani na miguu hadi vifundoni. Wasichana wa Misri, nchi ya Waislamu na ya Kiafrika, walipeleka kundi lao Tokyo mwaka 2021 na tena Paris mwaka 2024. Hata hivyo, nguo ya kubana ni nguo ya kubana, na kila mzazi ana mizani yake mbele ya Mola wake. Mimi si mufti, na sitatoa fatwa katika ukurasa wa utamaduni. Ninachosema ni kwamba kujifunza si lazima kuwe mbele ya watazamaji. Mtoto anaweza kunyooshwa viungo miaka mitano mahali pa stara bila ya kupanda jukwaani hata siku moja, akapata afya, akili ya hesabu, na subira. Likifika suala la jukwaa, litajibiwa siku yake.

Lakini stara hiyo haipatikani bila ya mwalimu mwanamke. Na hapa naomba msomaji aniwie radhi nikisimulia la nyumbani kwangu.

Binti yangu wa pili, alipokuwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa mwepesi kama paa. Katika shule aliyokuwa akisoma, mwalimu wa michezo alimwona, akaniita, akaniambia mtoto huyu aachwe alasiri ili afunzwe. Mwalimu alikuwa mwanamume. Nami, bila ya kumuuliza zaidi, nilisema la, nikarudi zangu nimetosheka kuwa nimefanya wajibu wa baba. Sikuuliza kama kuna mwalimu wa kike. Sikuuliza kama mamake angeweza kwenda kukaa pale. Sikwenda kutazama. Nilifunga mlango kwa kuwa kufunga ni kazi ya mara moja, na kulinda ni kazi ya kila siku. Miaka mingi baadaye, yeye mwenyewe akiwa mama, tulikuwa tukizungumza barazani juu ya mambo mengine kabisa, akaniambia pasi na hasira, "Baba, lau ungalikuja siku moja tu, ukakaa, ukatazama." Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sinalo.

Wazee wetu walilijua jambo hili kuliko mimi. Msichana wa Kiswahili alipofikia umri, mwili wake haukuachiwa mtaa, wala haukufungiwa tu. Alipewa somo, mwanamke mzima aliyepitia njia ile ile, akamfundisha kukaa, kutembea, kujitunza, na kujiheshimu. Somo alijulikana kwa jina na kwa ukoo, alichaguliwa na wazazi, na alikuwa na dhamana ya kuulizwa. Huyu mwalimu wa kiwanja cha Pumwani, ukimwondolea jina la kizungu la kocha, ni nani kama si somo?

Basi mimi naona mambo matatu. La kwanza, wanawake wa mtaa walioshuka jukwaani, wa sarakasi, wa ngoma, wa mpira wa wavu, wahesabiwe kuwa ni hazina, wasihesabiwe kuwa mabaki. Wapelekwe kusomea ualimu wa mchezo wao ili mikono yao ijue kumnyoosha mtoto bila ya kumvunja, maana kujua kucheza na kujua kufundisha ni elimu mbili.

La pili ni mahali. Mtaa wenye kumbi za harusi, madrasa na vyumba vya mikutano hauwezi kukosa saa tatu kwa wiki, mlango umefungwa, mwanamke ndani na watoto wa kike, mkeka chini badala ya vumbi. Zulia la mita 13 kwa 13 si la lazima kwa mtoto wa miaka tisa. Lililo la lazima ni sakafu isiyo na mawe.

La tatu ni jicho. Mzazi aende. Akae pale na uradi wake au na kushona kwake, siku hii mama, siku ile shangazi. Amuulize mwalimu, mtoto akiumia unafanyaje? Akichoka je? Unamwambia nini juu ya mwili wake? Mwalimu mwema hatachukia kuulizwa. Anayechukia, hapo ndipo mtoto atolewe, hata kama ni bingwa wa dunia.

Haya ndiyo niliyomwambia mama yule juu ya mkeka wa hitima, ingawa kwa maneno machache kuliko haya, kwani chai ilikuwa ikipoa na watu walikuwa wakingoja dua ya kufunga. Mumewe aliitwa akaja kuketi nasi. Alinisikiza hadi mwisho, kama watu wa heshima wanavyosikiza. Hakusema ndiyo, wala hakusema la. Aliuliza tu kile kiwanja ki upande gani, na darasa huanza saa ngapi.

Nilipokuwa nikitoka kwenda kupanda basi nilipitia huko. Ilikuwa baada ya alasiri. Sikusogea karibu, nilisimama pembeni ya ukuta. Watoto walikuwa wamesimama safu moja, na mwalimu wao, mwenye kuchechemea kidogo, alikuwa amemshika mmoja kifundo cha mguu kwa vidole viwili, akakielekeza nje, akakiachia, akasema, "Rudia." Neno lile lile la chuoni.

Watu hupenda kusema kuwa jina la Pumwani limetokana na kupumua. Basi na liwe kweli kwa huyu aliyerudi kwao amechoka. Apumue, kisha afundishe. Kwa desturi yangu namalizia kwa beti mbili:

Akishuka jukwaani, taa zikishazimika,
Musimuwate njiani, mikono kuning'inika,
Mpeni wana nyumbani, wapate kufundishika,
Mnyororo kukatika, hasara ya walo nyuma.

Na nyinyi mulo wazazi, amana musiiwate,
Muione hiyo kazi, hatua muifuate,
Mumjue na mlezi, na neno lake mupate,
Mnyororo kukatika, hasara ya walo nyuma.